Mkate Haujaungua, Umekolea

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku mbaya. Lakini nashukuru.

Trei ya juu imepata rangi. Rangi tu! Nilikuwa nimegeuka kidogo kumwonyesha dada wa kaunta jinsi mwokaji halisi anavyosimama mbele ya tanuri. Miguu imeachana, mikono nyuma, kidevu juu. Nikiwa bado kwenye kidevu, Mama Mkwe akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake kando ya magunia ya unga: "Inaungua!" Duka zima likasikia. Mteja mmoja mwenye miwani, aliyekuwa tayari ameshika mkate, akaurudisha taratibu mahali alipoutoa. Akaondoka bila kuaga.

Ndiyo desturi ya bekari hii tangu enzi za marehemu Baba Mkwe. Hakuna kengele. Hakuna anayeangalia saa. Anayenusa kwanza ndiye anayetamka, na aliye karibu na tanuri anaacha chochote alichoshika na kufungua mlango. Mama Mkwe hafanyi tena kazi ya mikono, lakini pua yake haijastaafu. Ananusa akisinzia.

Shemeji Mkubwa akaja kutazama trei. Huyu ni dada wa mke wangu, na bekari ni yake. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu kwamba Jumamosi matroni wa hospitali anakuja kuonja mikate yetu. Akiipenda, hospitali itachukua mikate kwetu kila asubuhi na bekari itapumua. Asipoipenda, yeye hajui atafanyaje. Mpaka siku hiyo tanuri ni langu, kwa heshima ya mdogo wake. Nikiunguza mbele ya matroni, linakwenda kwa Kipimajoto.

Kipimajoto ni binamu ya mke wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hutembea na kipimajoto kwenye mfuko wa shati, pale ambapo watu wengine huweka kalamu. Anapima tanuri. Anapima maji ya kukandia. Siku moja alipima chai yangu, nikiwa nimeishika. Hajawahi kuunguza hata andazi. Mtu wa namna hiyo unampendaje?

Jioni mke wangu alikaa mlangoni akikwaruza weusi wa mkate kwa kisu, kisha tukaula na chai. Hakunisimanga. Hii ni kazi yangu ya kwanza ambayo huitaja mbele ya majirani bila kukohoa kwanza. Ile ya kufuga sungura alikuwa akiikoholea. Ile ya kukodisha viti hakuitaja kabisa. Nikiipoteza hii, sijui nitamtazama vipi. Nashukuru kwa mke huyu. Nashukuru pia kwa kisu kile, kina makali mazuri.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeamka na wazo. Kosa si langu. Kosa ni la neno!

Nimechukua kamusi ya shule ya binti yetu na kuisoma nikiwa nimesimama, kabla chai haijachemka. Wanasema kuungua ni kuharibiwa na moto. Kuharibiwa! Nani kaharibu nini?

Halafu nikafikiria jinsi watu wanavyolitumia. Balbu ikizima, imeungua. Injini ya lori ikigoma, imeungua. Mtu akishinda juani, kaungua jua. Ghala la mtaa wa nyuma, lililobaki kuta tupu, nalo liliungua. Na mkate wangu wenye kona nyeusi, nao eti umeungua. Neno moja kwa wote hao! Ni sawa na kumwita kila mgonjwa marehemu.

Yako maneno yenye adabu zaidi. Kubabuka ni kwa juu tu, ngozi basi. Kuteketea ni kubaki majivu, na hapo angalau hakuna ubishi. Kuchoma ni kwa makusudi, na nyama ikichomwa watu hupanga foleni. Kuungua peke yake ndiko kunakotufedhehesha. Na halina mwenyewe neno hili, linatokea tu kama mvua. Ndiyo maana mimi husema mkate umeungua. Shemeji Mkubwa hunisahihisha kila mara kwamba hapana, wewe umeunguza.

Nimepata neno la kuchukua nafasi yake. Kukolea! Chai hukolea. Rangi ya kitambaa hukolea. Mapenzi hukolea. Hajatokea mteja aliyekimbia duka kwa sababu kitu kimekolea.

Nimeenda kazini nikipiga mluzi. Kipimajoto aliniuliza kama ninaumwa. Nimemshukuru kwa kunijali.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Ushindi!

Nimemweleza Shemeji Mkubwa habari ya yule mteja wa miwani. Nimemwambia kwamba ukelele ule unavuka ukuta na kuingia dukani, na kwamba matroni si kiziwi. Hapo ndipo nilipomshika. Alifuta kaunta mahali palipokuwa safi, akafikiri, akafuta tena. Mwisho akakubali. Mpaka Jumamosi ipite, hakuna kutamka neno lile ndani ya bekari. Tutasema inakolea.

Kwa Mama Mkwe kulikuwa na kazi. Nilichuchumaa kando ya kiti chake, nikamweleza kwa upole. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza, "Na nikisema inakolea, utafungua?"

Nikamwambia mama, unaniuliza jambo gani tena, nitafungua kabla hujamaliza. Akacheka kidogo. Akasema kwa kuwa mimi ni mume wa mwanawe na nimemwomba kwa heshima, hatanivunjia heshima. Akisema jambo huwa amesema. Nilishukuru mpaka magoti yakaingia unga.

Kipimajoto alitaka kujua kukolea kunaanzia nyuzi ngapi. Nikamjibu kwamba kukolea hakupimwi, kunahisiwa. Akakitoa kipimajoto chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni polepole. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Neno linafanya maajabu. Mikate miwili mitatu ya asubuhi ilipata weusi chini, na dada wa kaunta akawaambia wateja kwamba hii ndiyo iliyokolea. Babu mmoja alichukua wa kwanza, akaugonga kwa kucha, akasema enzi zao mikate ilikuwa hivi. Mwingine akauliza kama iliyokolea imebaki. Imebaki! Nilitamani kumkumbatia. Nilimkumbatia. Akaondoka haraka lakini na mkate wake.

Nimegundua faida nyingine ambayo sikuitarajia. Neno jipya halimtii mtu kiwewe. Zamani nikisikia inaungua, moyo unaruka na miguu inatangulia. Naangusha kila kitu. Jumatatu nilimwangusha dada wa kaunta, maskini, tulipokuwa kwenye somo la kidevu. Sasa nasikia inakolea, na ninamaliza kwanza ninachosema. Bekari imekuwa na utulivu. Leo Mama Mkwe amesema inakolea mara kadhaa na nimemaliza hadithi ya sungura yote, mpaka pale alipotoroka wa mwisho.

Mikate ya baada ya chakula cha mchana ilikolea kupita kiasi, nakubali. Hiyo nimeipeleka nyuma mwenyewe.

Shemeji Mkubwa amenipita na kusema siku hizi duka lina amani. Kichwa kimenivimba, kofia ya kazi hainienei. Nashukuru kwa watu wanaotambua kipaji wakikiona.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimeandaa hotuba ya kumkaribisha matroni. Itaanza na ngano shambani na kuishia mdomoni mwa mgonjwa. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, mkono mmoja kifuani. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikamwambia ni mambo ya kazini, ya kitaalamu kidogo. Habari ya neno sijamweleza. Yeye si mfanyakazi wa bekari, na wazo zuri lisitembezwe ovyo.

Amenipigia pasi aproni. Ameipiga mpaka mikunjo ya kamba! Kisha akaitundika kwenye msumari na kurudi nyuma kuitazama. Akasema kesho ataniletea chakula mwenyewe, anataka kuniona nikiwa kwenye tanuri langu mbele ya mgeni. Alisema tanuri langu. Nimekwenda nje kutazama nyota kidogo, macho yalikuwa yameingiwa na kitu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Ninaandika vibaya.

Matroni aliwahi kufika. Mwanamke mrefu, viatu vyeupe, hana maneno mengi. Trei zote mbili zilikuwa zimeingia tanurini, moja juu na moja chini, na harufu ilikuwa nzuri ya kumfanya mtu asamehe maadui. Nikasimama mbele ya mlango wa tanuri. Miguu imeachana. Nikaanza na ngano.

Nilikuwa sijaivuna bado Mama Mkwe aliposema, "Mwanangu, inakolea."

"Ahsante, mama," nikasema, nikaendelea.

Nikafika kwenye kinu. Mama Mkwe akaketi wima. "Mwanangu, inakolea sana."

"Nakushukuru sana, mama."

Nilimwambia matroni kwamba huyu ndiye mama yetu, na kwamba hata uzeeni anatutia moyo. Matroni alimwinamia kwa heshima. Mama Mkwe alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, lakini neno alilonipa ni neno, hakulitamka lile jingine.

Kipimajoto alitua gunia chini na kuja upande wangu akitembea kama mtu aliyebanwa na haja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bwana shemeji, inakolea, inakolea kweli. Akanyoosha mkono kwenye mpini wa mlango. Nikapanua mikono nikamzuia, nikamshukuru mbele ya mgeni, nikamwambia leo tanuri ni langu. Nilidhani anataka kunipokonya sifa! Shemeji Mkubwa naye, kwa sababu mgeni yupo, alikuwa na tabasamu lililomganda usoni. Akasema kwa sauti ya juu iliyokaribia kuimba kwamba hakika, shemeji, leo mikate yako inakolea mno, mno kabisa. Nikamwinamia.

Moshi ukaanza kutoka ukingoni mwa mlango. Matroni akauliza kama ndivyo inavyokuwa. Nikamjibu kwamba ndivyo, ikikolea.

Hapo mke wangu akaingia na chakula changu. Alikuwa ameinusa kutoka barabarani. Hakuwa anajua kitu. Hajaambiwa na mtu.

"Inaungua!"

Bakuli likaanguka. Sote tuliruka, mimi nikiwemo, maana neno lile lilinipita masikioni likaenda moja kwa moja miguuni. Lakini yeye alikuwa tayari amenisukuma. Alifungua mlango akaivuta trei ya juu kwa upindo wa gauni, akaitupa sakafuni, nyeusi yote, inafuka. Kisha akaingiza mkono kuifuata ya chini. Upindo ulikuwa umeponyoka. Aliishika hivyo hivyo, kwa vidole, hakuiachia mpaka ilipofika mezani.

Trei ya chini ilikuwa salama. Mikate ya rangi ya asali, yote.

Nimejaribu kuandika sehemu hii kwa namna nyingine. Nimeandika nikakata, nikaandika tena. Haikubali. Vidole vya mke wangu havijakolea. Vimeungua. Na aliyeviunguza ni mimi.

Nashukuru kwamba aliyekuja kuonja mkate alikuwa mtu wa hospitali. Matroni hakupoteza muda kutushangaa. Alimpeleka kwenye bomba la maji, akavishikilia vidole vile chini ya maji, muda mrefu, kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akamega mkate wa trei ya chini na kuutafuna kimya. Mke wangu analia, matroni anatafuna, mimi nimesimama na aproni yangu ya mikunjo. Hatimaye alisema mkate ni mzuri. Hospitali itauchukua. Akaongeza kwamba malengelenge yatatoka lakini yatapona, na mimi nimtafutie huyu mama kiti badala ya kusimama pale kama nguzo.

Mama Mkwe alinishika mkono nilipompita. "Nilikuwa nakwambia, mwanangu," alisema.

Nikamjibu kwamba najua, mama. Alikuwa ananiambia.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nimeosha vyombo. Nimefua. Nimemchana binti yetu nywele, ameomba nisirudie. Mke wangu amekaa na mkono uliofungwa bandeji, ameuweka juu ya mto, anatoa maelekezo. Nimepika wali. Alipouonja aliniuliza kama nimeuunguza, nikamwambia ndiyo, mke wangu, nimeuunguza. Akaula.

Shemeji Mkubwa alikuja mchana. Nilijua. Nilimpa kiti kizuri, mimi nikakaa kwenye ndoo. Alisema kuanzia kesho tanuri ni la Kipimajoto, na neno la marehemu baba yao linarudi mahali pake, wala asisikie mtu analigusa. Nikasema sawa. Akasema pia kwamba amefikiria sana na haoni kama bekari inanihitaji. Kwa maneno mengine nimemwaga unga, na mle ndani nilishaumwaga kweli mara nyingi, lakini safari hii ni kwa maana ile nyingine. Nikasema sawa.

Mke wangu akaushusha mkono kutoka kwenye mto.

"Dada, tanuri mpe anayeliweza," alisema. "Lakini mume wangu usimtoe. Wiki hii nzima ameamka kabla yangu. Ananawa, anavaa, anaondoka anaimba. Mtafutie kazi yoyote."

Shemeji Mkubwa alitazama ile bandeji, akatazama dari, akanitazama mimi kwenye ndoo. Mwisho akasema mikate ya hospitali itahitaji mtu wa baiskeli. Iwe imefika mapema, kabla wagonjwa hawajapewa chai. Hilo tu. Akauliza kama hilo naliweza.

Nilikwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu, nikalia hapo. Nilistahili kufukuzwa. Kwa vidole vile nilistahili na zaidi. Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Nimeoa vizuri kuliko ninavyostahili na hakuna kamusi itakayonisaidia kulisema hilo vizuri.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Kazi ya baiskeli inanifaa! Hewa safi. Watu wengi wa kuzungumza nao. Kapu la mikate nyuma, kengele mbele, na hakuna moto popote. Kipimajoto ananipakilia mikate mwenyewe na kupima joto la kapu. Leo nimemshukuru kwa dhati. Tanuri limepata mtu wake.

Njiani nilisimama kwa fundi viatu, nikamwonyesha jinsi msafirishaji halisi anavyokaa kwenye baiskeli. Mgongo wima, viwiko ndani. Alipendezwa, hivyo nikasimama pia kwa fundi saa na kwa wale akina mama wa kisimani. Nilipofika hospitali jua lilikuwa limepanda. Matroni alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni. Alisema mkate umechelewa.

Nimelitafakari neno hilo. Kuchelewa! Mwanafunzi akichelewa anachapwa. Mvua ikichelewa watu wanalia. Na mkate uliofika mzima, laini, unavutia, nao eti umechelewa. Neno moja kwa wote hao! Nikamweleza matroni kwa upole kwamba mkate wangu haujachelewa, umetulia. Kitu kikitulia hakuna anayekilalamikia. Nilimshauri kuwa wauguzi wajaribu kulitumia wodini, kwa ajili ya amani ya wagonjwa.

Aliishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha akauliza hali ya vidole vya mke wangu, nikamwambia vinaendelea vizuri. Akasema basi nimsalimie sana, na nimwambie kwamba yeye, matroni, anamwombea. Moyo wa ajabu ulioje! Nilimshukuru mpaka akafunga lango.

Jioni nimemsimulia mke wangu yote, salamu pamoja na neno jipya. Alivitazama vidole vyake, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka chai ikampalia. Nilimpigapiga mgongoni taratibu nikimshukuru Mungu. Si kila mwanamume amepata mke anayelitambua wazo zuri papo hapo.